Homa na Mguu: Mtoto Anapoanza Kuchechemea Ghafla

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya wa Muhuta, Burundi



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo. Mtoto amelala mzima, ameamka anachechemea. Jana alikuwa ufukweni penye ndagala zilizoanikwa, au mlimani na wenzake wakitafuta kuni. Leo anakanyaga kwa ncha za vidole, au anakataa kusimama kabisa. Hakugongwa na pikipiki, hana jeraha. Mzazi afanye nini? Muuguzi aanzie wapi?

Neno langu kuu ni moja, na mengine yote ni maelezo yake. Sisi watu wa mwambao huu wa Tanganyika tuna majibu mawili yanayotangulia kila swali. Mguu ukiuma, tunasema kaanguka. Mwili ukichemka, tunasema malaria. Kwa kuwa majibu hayo huwa ya kweli mara nyingi, tumeyazoea, na mazoea hayo yanatuponza siku mtoto anapopata homa na mguu kwa wakati mmoja. Tunamgawa mtoto mafungu mawili: homa inapewa dawa ya malaria, mguu unapakwa mawese na kukandwa. Siku tatu zinapita, nne zinapita. Kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja, nao umekaa ndani ya nyonga.

Maumivu au ulegevu

Mtoto anayechechemea ghafla tumwulize kwanza, au tumtazame atujibu kwa mwendo wake: mguu unauma, au umelegea?

Mguu unaouma hukanyagwa kwa haraka na kuachwa. Hatua ya upande huo inakuwa fupi, uzito wote unahamia mguu mzima. Mguu uliolegea haumpi mtoto kilio kikubwa, lakini unaburuta. Kidole gumba kinakwaruza ardhi, goti linajikunja lenyewe, na ukiuinua na kuuachia unaanguka kama hauna mwenyewe. Maumivu yanatupeleka kwenye mfupa, kiungo, msuli au ngozi. Ulegevu unatupeleka kwenye neva na uti wa mgongo, na njia ya kuufuatilia ni nyingine, nitaieleza mbele.

Wapo pia watoto wanaochechemea kwa maumbile: nyonga iliyotoka mahali pake tangu kuzaliwa, au mguu mmoja mfupi. Hao hawaanzi ghafla. Wanatembea hivyo tangu hatua zao za kwanza, nao wanahitaji daktari wa mifupa, lakini hawahitaji kukimbizwa usiku.

Usaha ndani ya kiungo

Ugonjwa tunaouogopa kuliko yote ni usaha ndani ya kiungo, na ndugu yake, usaha ndani ya mfupa. Bakteria huingia kwenye damu kupitia kidonda cha ngozi, koo, au mlango ambao hatuutambui kamwe. Anayeongoza ni stafilokokasi, yule yule anayeleta majipu. Katika mifupa ya mtoto, karibu na sehemu inayokua, damu hupita polepole katika mishipa myembamba. Bakteria hupata pa kutua. Kwenye nyonga hatari ni kubwa zaidi, maana shingo ya mfupa wa paja imo ndani ya mfuko wa kiungo, na jipu la mfupa likipasuka humwagikia humo humo.

Mfuko huo haupanuki sana. Usaha ukijaa unabana kama mvuke ndani ya chungu kilichofunikwa, na mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja inakosa damu. Wakati huo huo vimeng'enya vya usaha vinakula gegedu, ule utando laini unaofanya mifupa iteleze bila kusagana. Gegedu likiliwa halioti tena lilivyokuwa. Uharibifu unaanza ndani ya siku moja au mbili. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto aliyecheleweshwa anaweza kupona homa yake, akanenepa, akarudi shuleni, lakini akabaki na nyonga iliyoganda na mguu mfupi maisha yake yote.

Mtoto mchanga hachechemei kwa kuwa hajaanza kutembea. Kwake dalili ni mguu ulionyamaza: hauchezeshi, ameukunja na kuupanua kidogo upande wa nje, analia akibadilishwa nepi. Mama wa hapa ana kipimo kingine ambacho vitabu vingi havikitaji, kwa sababu walioviandika hawabebi watoto mgongoni. Kumbeba mtoto mgongoni kunapanua nyonga zake. Mtoto aliyekuwa akitulia mgongoni, leo akilia kila anapofungwa na kunyamaza anapolazwa, nyonga zake zikaguliwe siku hiyo hiyo.

Hapa nirudi kwenye malaria. Kipimo cha haraka cha damu kikionyesha malaria, hakijasema kwamba malaria ndiyo iliyouumiza mguu. Katika eneo lenye mbu wengi kama letu, mtoto anaweza kuwa na vimelea bila kuumwa navyo, na kipimo kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kutibiwa. Malaria huleta maumivu ya mwili mzima. Haichagui goti moja au nyonga moja. Mpe mtoto dawa ya malaria, ni haki yake, lakini usifunge faili mpaka kiungo kikaguliwe.

Umri unapunguza maswali

Watoto wa umri tofauti huchechemea kwa sababu tofauti, na mkaguzi mzuri hutaja umri kabla ya kutaja ugonjwa.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, anayejifunza kukimbia, anaweza kuvunjika mfupa wa muundi kwa kujipinda tu. Hakuna uvimbe wa kutisha, picha ya kwanza inaweza isionyeshe kitu, lakini ukibonyeza muundi taratibu anauvuta mguu. Huo unapona vizuri ukitulizwa. Mtoto ambaye hajaanza kutembea akikutwa amevunjika mfupa, na maelezo ya nyumbani hayalingani na jeraha, mhudumu asione haya kuuliza zaidi. Mtoto hana wa kumsemea isipokuwa sisi.

Kati ya miaka mitatu na kumi kuna uvimbe wa muda wa nyonga. Huja mara nyingi baada ya mafua, huwapata wavulana karibu mara mbili ya wasichana, na huisha ndani ya wiki moja au mbili kwa kupumzika na dawa ya kutuliza maumivu. Mtoto wa aina hii anachechemea lakini anaonekana mzima: anakula, anacheza akiwa amekaa, hana homa kubwa. Kazi yote ya tabibu ni kumtenganisha huyu na yule mwenye usaha.

Kati ya miaka minne na minane, mtoto anayechechemea wiki baada ya wiki bila homa anaweza kuwa na ugonjwa wa Perthes, ambapo kichwa cha mfupa wa paja kinapungukiwa damu. Kuanzia miaka kumi hivi hadi kumi na sita, hasa kwa kijana mnene anayekua haraka, kichwa hicho kinaweza kuteleza kutoka kwenye shingo yake. Kijana huyo analalamikia goti, na ukikunja nyonga yake paja linageuka lenyewe kuelekea nje. Akiendelea kutembea, linateleza zaidi; huyo asikanyage tena mpaka apigwe picha.

Na kwa umri wowote, mtoto anayeamshwa usiku na maumivu ya mfupa, aliyepauka, anayetoka michubuko bila kugongwa, na anayekonda, achunguzwe damu yake. Saratani ya damu na ya mfupa huanza hivyo.

Mambo ya mwambao wetu

Kuna visababishi ambavyo tabibu wa Ulaya anaweza kuvisahau, sisi hatuna ruhusa ya kuvisahau.

Cha kwanza kipo chini ya unyayo. Funza, kipande cha chupa, mwiba wa samaki, kidonda kati ya vidole: osha mguu kwa maji na sabuni, uutazame kwenye mwanga kabla ya kuwaza magonjwa makubwa.

Cha pili ni mwiba wa mchikichi. Nchi ya Rumonge inaishi kwa mawese, na watoto wetu wanapita kwenye makuti yaliyokatwa. Mwiba huo ukichoma goti unaweza kukatikia ndani. Tundu linaziba, mtoto anasahau, na wiki kadhaa baadaye goti linavimba. Picha ya eksirei haiuoni mwiba, kwa kuwa si mfupa wala chuma. Ekografia inaweza kuuona. Kwa hiyo swali liulizwe: je, alichomwa na kitu mwezi huu au uliopita?

Cha tatu ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mtoto mwenye selimundu hupata maumivu makali ya mifupa, na akiwa mdogo huvimba mikono na miguu. Maumivu hayo yanafanana sana na usaha wa mfupa, na mbaya zaidi, mtoto huyo hupata usaha kwa urahisi kuliko wengine, mara nyingi kutokana na bakteria wa salmonela. Kila mtoto aliyewahi kuongezewa damu, mwenye macho ya manjano yanayorudi rudi, au aliyefiwa na ndugu kwa upungufu wa damu, apimwe.

Cha nne ni sindano. Neva kubwa ya mguu inapita ndani ya tako. Sindano ikichomwa mahali pasipofaa, mtoto anatoka akiburuta mguu siku hiyo hiyo au kesho yake. Afrika Mashariki imeona watoto wengi wa namna hii, hasa zama za kwinini ya sindano, na nchini Uganda madaktari wa mifupa wameandika sana juu ya ulemavu huo. Mtoto mdogo anayelazimika kuchomwa achomwe mbele ya paja, upande wa nje. Na mzazi asidai sindano pale ambapo dawa ya kumeza inatosha.

Cha tano ni kifua kikuu cha nyonga au cha uti wa mgongo. Hicho hakiji kwa ghafla, kinajificha miezi. Lakini mzazi anaweza kukigundua ghafla, kwa hiyo tuulize kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu.

Polio na sheria ya mguu uliolegea

Sasa ule mguu uliolegea. Tarehe 17 Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa polio, wa kwanza kuthibitishwa nchini kwa zaidi ya miaka thelathini. Virusi vilikutwa kwa mtoto wa miaka minne ambaye hakuwa amechanjwa, katika wilaya ya afya ya Isale, hapa magharibi mwa nchi, na kwa watoto wengine wawili waliokuwa karibu naye. Vikaonekana pia kwenye maji machafu. Vilikuwa virusi vya aina ya pili vilivyotokana na chanjo ya matone, vyenye uhusiano na vile vilivyokuwa vikizunguka mashariki ya Kongo. Virusi hivyo hupata nafasi pale tu ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Chanjo ya kila mtoto ndiyo inayovifungia mlango, na ziwa halizuii kitu: mtumbwi unaovuka kwenda Uvira au Baraka unabeba watu pande zote mbili.

Ndiyo maana kuna kanuni inayomhusu kila mtu aliyekaa hapa. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla, bila ajali, ataripotiwa mara moja kwenye kituo cha afya. Sampuli mbili za kinyesi zitachukuliwa, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, na zitasafirishwa zikiwa baridi. Ripoti hiyo hailazimishi mtu kuwa na uhakika kwamba ni polio. Mremeshakiyago, yaani mhudumu wa afya wa jamii, akiona mguu uliolegea, aseme. Maabara ndiyo itakayoamua.

Namna ya kumkagua

Ukaguzi mzuri hauhitaji mashine. Unahitaji mtoto aliyevuliwa nguo, mahali penye mwanga, na subira.

Uliza: kulianza lini, asubuhi au baada ya mchezo? Kuna homa? Alikuwa na mafua au kuhara wiki zilizopita? Alichomwa sindano, aliangukia nini, amechanjwa chanjo gani? Anaamka usiku kwa maumivu?

Mtazame akitembea, kama anaweza. Kisha anza na mguu mzima, ili akuzoee, ndipo uhamie unaouma. Gusa kutoka vidole hadi kiuno, mfupa kwa mfupa, ukimtazama usoni. Chezesha kila kiungo. Mlaze chali, shika mguu, uuzungushe taratibu ndani na nje. Nyonga yenye usaha haikubali hata kidogo. Mtoto anashika mkono wako. Nyonga yenye uvimbe wa muda inakubali kwa sehemu kubwa.

Usidanganywe na goti. Neva zinazolisha nyonga zinalisha na goti, kwa hiyo mtoto mwenye ugonjwa wa nyonga anaonyesha goti kwa kidole. Goti likionekana zima na mtoto bado analia, panda juu. Kagua pia uti wa mgongo na tumbo: kidole tumbo au jipu la msuli wa ndani ya kiuno humfanya mtoto atembee ameinama. Na mvulana avuliwe kaptura: korodani iliyojisokota huleta mwendo wa kuchechemea, na muda wa kuiokoa ni takribani saa sita.

Mwaka 1999 Mininder Kocher na wenzake wa Boston walichapisha utafiti juu ya watoto wenye nyonga inayouma. Walitafuta vitu vinavyotenganisha usaha na uvimbe wa muda, wakapata vinne: homa iliyozidi nyuzi 38.5, kushindwa kukanyaga, kasi ya kutuama kwa damu ya milimita 40 kwa saa au zaidi, na chembe nyeupe za damu zaidi ya 12,000 kwa mikrolita. Asiyekuwa na hata kimoja, uwezekano wa usaha haukufika asilimia 1; mwenye kimoja, asilimia 3; viwili, 40; vitatu, 93; vinne, zaidi ya 99. Hospitali nyingine zilipojaribu kipimo hicho zilipata asilimia ndogo zaidi, na kwetu kuna tatizo jingine: upungufu wa damu peke yake hupandisha kasi ya kutuama, na watoto wetu wengi wana upungufu wa damu. Hata hivyo tazameni jambo hili. Viwili kati ya vinne, homa na kukanyaga, havihitaji maabara. Kipimajoto na sakafu vinatosha. Mama aliyeko kilimani Gitaza anaweza kuviona alfajiri, kabla daktari yeyote hajaamka.

Kituo na hospitali

Kituo cha afya kifanye haya: kipime joto, kipime malaria, kikague kiungo, kitoe dawa ya maumivu, kiandike saa ambayo kuchechemea kulianza, kisha kiamue. Mtoto asiye na homa, anayekanyaga, anayecheza, anaweza kurudi nyumbani kwa sharti la kuonwa tena baada ya siku moja au mbili. Mwenye homa asiyekanyaga apelekwe hospitali siku hiyo, Rumonge au Bujumbura, penye daktari wa upasuaji.

Huko atapigwa ekografia kuona kama kuna maji ndani ya nyonga, na kiungo kitachomwa sindano ili maji hayo yatazamwe. Eksirei inasaidia kuona mvunjiko, lakini usaha wa mfupa unaweza usionekane kwenye picha mpaka siku kumi au kumi na nne zipite. Picha safi siku ya pili haimsafishi mtoto. Ikithibitika ni usaha, kiungo kinafunguliwa na kuoshwa, dawa zinaingia kwa mshipa siku kadhaa, kisha za kumeza kwa wiki kadhaa. Inapowezekana, sampuli zichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Lakini mtoto aliyezidiwa, au safari ikiwa ndefu, asinyimwe dawa kwa kusubiri sampuli.

Safari yenyewe tuipange mapema. Mwishoni mwa Machi 2015 maporomoko ya udongo Gitaza yaliikata barabara ya RN3, na kila msimu wa mvua tunaikumbuka siku ile. Kila kilima kijue nani ana pikipiki, nani ana mtumbwi wenye injini, nani atashika ingobyi, machela yetu ya kienyeji, kumteremsha mgonjwa hadi barabarani. Kuhusu fedha, tangu tarehe 1 Mei 2006 mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure katika vituo vya serikali ya Burundi. Asibaki nyumbani mtoto wa umri huo kwa kuogopa bili.

Tunayoyaacha leo

Tusikande mguu wenye homa. Kukanda kunamuumiza mtoto na kunatuibia muda. Tusichanje chale juu ya kiungo kilichovimba, maana wembe unaongeza mlango wa bakteria. Tusinunue vidonge viwili vitatu vya antibiotiki sokoni: vinapunguza homa, vinaficha usaha, na mtoto anapofika kwa daktari, dalili zimeshapotea. Waunga mifupa wetu nawaheshimu, wengine wana mikono mizuri kwa mkono uliotenguka. Ombi langu kwao ni moja, wamguse mtoto paji la uso kabla ya kumgusa mguu. Akiwa na joto, wamrudishe kituoni.

Walimu, mwanafunzi anayechechemea asipelekwe uwanjani wala asichekwe. Mzazi wake aitwe. Abaremeshakiyago, mguu uliolegea uripotiwe siku unapoonekana. Wauguzi, kila mtoto mwenye homa asimamishwe, atembezwe hatua tano mbele yenu. Na ninyi wazazi, mkitoka hapa mkisahau yote, shikeni hili: mtoto mwenye homa asiyetaka kukanyaga, jua lisizame hajaonwa hospitalini.